Pointi za Tansy

Jumatatu, 13 Januari
Likizo imekwisha. Bwana Gaddis, mkuu wetu wa shule, katugawia sisi walimu majina ya darasa la tatu na kalamu tatu za rangi. Kijani, hao watafaulu tu, waacheni. Njano, wanakaribia — kazaneni nao mpaka mtihani wa Aprili. Nyekundu... akanywa kahawa. Nikauliza, na wekundu je? Akasema hatuna muda nao. Shule imepewa F, alama ya chini kabisa, miaka minne mfululizo. Ya tano serikali ya jimbo inaifunga shule, na watoto watapanda basi maili thelathini na nane kila asubuhi.

Tansy Pruitt nikampaka nyekundu. Kwa mkono wangu mwenyewe.

Alhamisi, 6 Februari
Wa njano mezani kwangu, Tansy nyuma kwenye kompyuta. Leo kaniletea kitabu cha farasi, anataka nimsikilize akisoma. Nikamwambia baadaye, mpenzi. Mara ya tatu wiki hii. Najichukia.

Jumanne, 4 Machi
Barua ya jimbo. Wamebadilisha hesabu — katikati ya mwaka! Kufaulu sasa ni nusu tu ya alama ya shule. Nusu nyingine ni mtoto kapanda kiasi gani tangu mwaka jana, na anayepanda kutoka chini kabisa anahesabiwa mara mbili.

Gaddis kaja mbio, karatasi mkononi. "Huyu Pruitt ni dhahabu! Umemfikisha wapi?"

"Pale pale uliponiambia nimwache."

Nelda wa darasa la jirani alicheka mpaka soda ikampalia. Mimi sikucheka. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu ana miaka minane.

Ijumaa, 28 Machi
Saa nzima kila siku, mimi na Tansy. Wa njano ndio wako kwenye kompyuta sasa. Mama mmoja kapiga simu kuuliza mwanawe kakosa nini. Ningemjibu nini? Kwamba bei yake imeshuka?

Tansy anasoma kwa kukokota, lakini anasoma! Ana akili, alikuwa nayo siku zote. Alipofika mwisho wa ukurasa akanitazama.

"Mwalimu, kwani nimefanya nini mpaka sasa unanitaka?"

Nikasema hujafanya kosa lolote. Silo aliloniuliza.

Jumatatu, 14 Aprili
Sherehe ukumbini ya kuwatia watoto hamasa kwa mtihani wa kesho. Wasichana wa sekondari wakirukaruka na mashada yao ya karatasi ya kushangilia, ngoma, na Gaddis ndani ya vazi la mbweha, nembo yetu. Anapaza sauti, nani ataiokoa shule? Watoto wote: Sisi! Tansy alipiga kelele kuliko wenzake. Mshenzi yule Gaddis. Na mimi niliyepiga makofi, je?

Jioni mimi na Nelda tukafunika kuta kwa karatasi za kaki. Alfabeti, jedwali la kuzidisha, hata majina ya miezi. Likionekana bango moja, mtihani wa darasa zima unafutwa. Chumba kimekuwa kama ghala.

Jumanne, 15 Aprili
Nina dakika ishirini za kula. Mama wa maktaba kanishikia darasa, naandika ndani ya gari. Watoto wengine wamemaliza. Tansy yuko swali la kumi na moja kati ya thelathini na saba, anakula burito, chapati yake ya kuviringishiwa maharage, pale pale kwenye kiti, kimya, maana ambaye hajamaliza haruhusiwi kuzungumza na mtu.

Saa nne alinyoosha mkono. Nikamwinamia. Akaninong'oneza:

"Nikikosa, shule itafungwa kwa sababu yangu?"

Tuna kiapo, tumetia saini. Mtoto akiuliza lolote, tunamsomea maneno yaliyo kwenye kijitabu cha jimbo, basi. Mama wa maktaba alikuwa mlangoni, anatazama. Ningeweza kusema hapana. Neno moja!

Nikasoma: "Siwezi kukusaidia kwa hilo. Jitahidi uwezavyo."

Akaitikia kwa kichwa. Akafuta jibu alilokuwa ameshachagua, akaanza kulisoma swali upya tangu mwanzo, kidole kwenye kioo cha kompyuta. Alikuwa amepata, nililiona. Akachagua jingine, akafuta tena, na nilipotoka alikuwa bado hapo hapo. Zimebaki dakika nne nirudi ndani na kijitabu changu, na akinyoosha mkono tena —