Kompyuta ya Stoo

Jumatatu, 7 Juni 1999

Nisamehe, daftari. Mara ya mwisho kukugusa Salma alikuwa anatambaa, sasa anatembea na kuvunja vikombe. Sina sababu ya maana. Nilichoka tu.

Kaka Shabani ndiye kanirudisha kwako. Kaandika kwenye barua: kompyuta ikigoma, andika siku, andika ulikuwa unafanya nini. Haya, naandika.

Uji. Nepi. Maji ya moto ya miguu ya mama mkwe, imevimba tena. Saa nne nikaingia stoo. Chumba chenyewe kina dirisha moja, linatazama ukuta wa jirani. Kompyuta kaka aliituma kutoka Ujerumani, chuo anachofanyia usafi walikuwa wanaitupa. Imezeeka, haiwezi mfumo mzito, kwa hiyo akaitia Linux, ile nyepesi, iliyokuja na programu zake humohumo. Ya kuandikia, ya jedwali, ya kuchorea, ya karata. Na kurasa tatu za maelezo kwa mwandiko wake mbaya.

Leo nimeishinda printa. Mistari ilikuwa inashuka kama ngazi, kila mmoja unaanzia wa juu yake ulipoishia, mwisho maneno yanatumbukia nje ya karatasi. Nimesoma maelezo mara nne. Kumbe kuna alama ya kuweka kwenye mpangilio wa printa. Nimeiweka, mistari imenyooka. Nilifurahi peke yangu.

Mchana kaja Mwalimu Anna, mkuu wa shule ya hapa nyuma. Taipu ya shule imekufa. Anataka jaribio la darasa la saba, masomo manne, Ijumaa ya tarehe 18. Ikienda vizuri, karatasi zote za shule zitakuja kwangu.

Baba Salma aliposikia akasema vizuri. Halafu akaongeza. Tangu kiwanda kiuzwe na wao wapunguzwe kazi, kila kitu anakitazama kwa jicho la kuuza. Kuna mtu wa Kipawa mwenye duka la kuchapa, atakuja Jumamosi ya tarehe 19 kuiona kompyuta. Kama mpaka siku hiyo haijamaliza kazi ya mtu hata mmoja, inaondoka.

Nikasema sawa. Ikiondoka, stoo inarudi kuwa ya mkaa na mie narudi jikoni moja kwa moja.

Jumanne, 8 Juni

Imeganda. Nilikuwa kwenye programu ya kuandikia, swali la ishirini na mbili la Kiswahili. Mshale hauendi, herufi haziingii. Nilikuwa nimekaa kama dakika arobaini. Nimezima, nimewasha. Maswali yote yamepotea. Kosa langu, sikuhifadhi.

Jumatano, 9 Juni

Kaka kaandika hivi: programu ikigoma usiiite kwa kubonyeza picha yake, fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri kwenye kioo, andika jina lake, kisha usome inachokulalamikia. Nimefanya hivyo. Haikulalamika chochote. Ikaganda kimya, kama mtu aliyenuna.

Nikajaribu ile programu ndogo ya maandishi matupu, isiyo na mapambo. Nayo ikaganda. Mama mkwe akachungulia mlangoni, akasema, "Mama Salma, hiki kitu kinalala kuliko mwanao." Akacheka mwenyewe. Mie sikucheka.

Alhamisi, 10 Juni

Imefanya kazi kutwa! Asubuhi niliifuta programu ya karata. Nilidhani inakula nafasi. Ndiyo ilikuwa mchawi. Nimemaliza Kiswahili, nimehifadhi kwenye disketi, nimehifadhi mara mbili. Mama mkwe alikuwa uani anafua, Salma anamchezea maji, kwa hiyo hata kelele hazikuwepo.

Kumbe naweza.

Ijumaa, 11 Juni

Imeganda. Mara tatu. Nyumba nzima inanukia udi, vitambaa vimepigwa pasi vinang'aa, na mie nimekaa mbele ya kioo kilichokufa. Hisabati maswali tisa tu.

Nina hasira na kaka. Nina hasira na Baba Salma anayepita mlangoni bila kuuliza. Kwanza nina hasira na hili dirisha linalotazama ukuta.

Jumatatu, 14 Juni

Nimefuta ya kuchorea. Nimefuta ya jedwali. Imeganda.

Nimesema ni umeme, nikahamisha waya kwenye soketi ya sebuleni. Imeganda.

Nimesema nianze upya, niingize mfumo wote tena kutoka kwenye disketi za kaka. Nikatia ya kwanza, bado haijaniuliza lolote nikaona nizipime zote kwanza, nikafika ya tatu. Haisomeki. Ningefuta kila kitu nikabaki na sanduku tupu.

Salma akabonyeza kitufe cha kuzimia. Nimempiga kofi mkononi. Alinitazama kwanza, ndipo akalia. Nimembeba mpaka akalala, na alivyolala sikumweka chini.

Jumanne, 15 Juni

Imeganda. Sina la kuandika. Sijatoka nje ya ua huu tangu wiki juzi. Nikisema nataka kwenda hata sokoni, miguu ya mama. Nikisema nataka kwenda kwa dada Pugu, Salma ana mafua. Ni kweli yote. Ndiyo maana siwezi kugomba na mtu.

Jumatano, 16 Juni

Baba Salma kanikumbusha kuhusu Jumamosi. Kwa upole, ndiyo mbaya zaidi.

Alasiri, Salma kalala, nikakaa kukusoma wewe tangu mwanzo. Nilitaka kumwandikia kaka, nimwambie siku ilizogoma na ambazo haikugoma. Jumanne, imeganda. Jumatano, imeganda. Ijumaa, imeganda. Alhamisi tu ndiyo haikuganda. Nikajua si karata, maana karata niliifuta na bado inaganda. Sasa Alhamisi kuna nini?

Alhamisi mama mkwe anafua vitambaa.

Humu ndani kila kitu kina kitambaa alichofuma yeye. Redio, chupa ya chai, viti. Kompyuta ilipofika akaifumia viwili wiki hiyohiyo, kidogo cha kioo na kikubwa cha sanduku. Kidogo mie hukitoa nikifanya kazi. Kikubwa nani akitoe? Kimekaa juu ya sanduku, maua yake yameshuka mpaka nyuma, yamefunika tundu la feni. Nimekiona kila siku mpaka nikaacha kukiona.

Nikapeleka mkono nyuma. Moto kama pasi.

Siku zote hizo nafuta programu zisizo na kosa.

Alhamisi, 17 Juni

Vitambaa viko kwenye kamba. Kompyuta haijaganda hata mara moja. Hisabati yote, Sayansi yote, Kiingereza nusu. Vidole vinauma.

Sijamwambia mama mkwe. Leo hapakuwa na haja. Kesho itakuwepo. Kesho nachapa kutwa, na kesho kitambaa kitarudi kimetiwa wanga. Ningeweza kukivua kimyakimya nikikaa na kukirudisha nikiondoka. Lakini siku moja nitasahau. Na sitaki kuwa mwizi kwenye chumba changu.

Ijumaa, 18 Juni

Nimeamka nikakuta kimeshatandikwa, kimenyooka kama karatasi. Mama mkwe alikuwa kasimama hapohapo, miguu yote hiyo, anakirekebisha pembe.

Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia. Nikamweleza pole pole, mashine ina joto, ile feni ya nyuma ndiyo pua yake. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kitambaa changu ndicho kinachowaulia mashine yenu."

"Si kitambaa, Mama. Ni pale kilipokaa."

"Nilikifuma ili macho ya watu yasiifikie."

"Najua, Mama. Lakini hakirudi hapo."

Sijawahi kumwambia hivyo tangu niolewe. Akakivua mwenyewe, akakikunja mara nne, akaingia chumbani. Mchana hakula. Nilimpelekea maji ya miguu, akayakubali, hakunitazama. Iliniuma. Sikurudisha neno langu.

Nimechapa tangu saa tatu. Mistari imenyooka, utepe umefifia kwenye kurasa za mwisho lakini zinasomeka. Saa kumi Mwalimu Anna kachukua masomo yote manne. Akasimama pale mlangoni anasoma swali la kwanza kwa sauti, kama anajipima mwenyewe.

Jumamosi, 19 Juni

Yule wa Kipawa kaja na mkokoteni kabisa. Baba Salma akamleta stoo. Mie nilikuwa nachapa nakala ya pili ya Hisabati, Mwalimu aliiomba asubuhi. Yule mtu akaipenda kompyuta. Akauliza waya zinachomolewa wapi.

Mama mkwe alikuwa sebuleni, miguu kwenye beseni. Tangu jana hajanena na mie. Akasema kwa sauti ya kumfikia kila mtu, "Baba Salma, mwambie mgeni mashine iko kazini. Mkeo anachapa mtihani wa watoto wa watu."

Mkokoteni ukaondoka mtupu. Baba Salma kasema tutaona mwezi ujao. Hakusema haiuzwi. Nimelisikia hilo.

Jumapili, 20 Juni

Kimya. Dirisha ni lilelile. Mwalimu kaleta karatasi za darasa la sita.

Mama mkwe kaingia na kitambaa kikubwa. Akakiweka kwenye kiti changu, pale ninapokalia. Halafu akapima juu ya kioo kwa shibiri, mara mbili, akatoka.

Namwandikia kaka. Nikishaandika haya nitanakili kwenye barua. Ninavyohitaji bado:

Tepe za printa, mbili.
Disketi ya tatu ya mfumo, hii haisomeki. Na tupu kumi.
Programu za kuchorea na jedwali, nilizifuta kwa kuzisingizia.
Ya karata pia, kama ina nafasi. Ya kwangu, siyo ya kazi.
Kurasa nyingine za maelezo, kwa mwandiko mkubwa.
Uzi mweupe wa kufumia, ule mwembamba, vibonge vinne. Mama anasema kitambaa kipya kitakuwa cha juu ya kioo tu, kisishuke nyuma.