Goli la Ng'ambo ya Reli

Mwenzangu, sheria ya nyumba yangu waifahamu: atakayeishangilia timu ya ng'ambo ya reli ataosha vyombo vya jioni. Niliitunga mwenyewe.

Leo mjukuu wangu, yule ambaye kocha wetu alimkataa kwa ufupi wake, ameichezea timu hiyo dhidi yetu. Akafunga.

Niliruka. Mimi! Katikati ya mashabiki wetu, nikapaza sauti: "Huyo ni wangu!"

Kinyozi wangu akaniuliza, "Mzee, umehama lini?"

Nyumbani nilijitetea kwamba nilisimama kunyoosha mgongo. Mke wangu akasema, "Mgongo gani huo unaopiga vigelegele?"

Niliruka, mwenzangu!

Vyombo nimekwisha kuviosha. Mkaguzi alikuwa mfungaji mwenyewe, angali amevaa jezi yao. Sufuria ameirudisha mara mbili.