Chuo Kisichokuwa na Wazee

Somanda,
S.L.P. 71,
Bariadi.
9 Agosti 2003

Mpendwa mpwa wangu Bujiku,

Mwangaluka! Huko Mtwara kifua kimepona, au upepo wa bahari bado unakusumbua? Sisi wazima. Mama Nyamizi goti lake limepoa, anachuma pamba kama zamani, ila kwangu hafui dafu, maana mimi nachuma kama watu wanne.

Sasa habari ya binti yangu. Uliniandikia nisilale, chuo kikuu cha nje kimefungua tawi Mwanza, nimpeleke Nyamizi upesi. Siku hizi za soko huria kila kitu kinavuka mpaka: mitumba, wanunuzi wa pamba na mizani yao, sasa na vyuo.

Wakala wao, bwana Januarius, akaja hapa na tai ya kufika magotini. Akataka niuze ng'ombe, nilipe ada ya miaka yote kwa mkupuo. Nilikwisha kuwatenga, pamoja na fahali yule ambaye akinguruma, watu wa Nyalikungu, mbali kule, wanaanua nguo wakidhani ni radi.

Nikamwambia, "Bwana, hapa ng'ombe hawatoki zizini kwa mtu mmoja. Lete wazee wa upande wenu tujuane ukoo."

Akacheka. "Mzee, hii si mahari!"

"Binti si namtoa? Basi lete wazee."

Nyamizi alilia, mpwa wangu. "Baba, wenzangu wanaondoka, mimi nitaozea hapa kwa ajili ya mila zako!" Akaacha kunipakulia chakula. Nami, nilivyo simba, nilianza kulegea.

Juma lililopita redio ikatangaza: serikali imekifunga chuo kile cha Mwanza. Hakina kibali, hakikukaguliwa, shahada zake hazitambuliwi, na wenyewe huko ng'ambo hawajulikani. Yaani wameuliza swali langu lile lile! Nadhani maneno yangu yalifika wizarani. Nilishusha pumzi mpaka kuku wakatawanyika.

Jioni ile Nyamizi akanisongea ugali, akakaa karibu mpaka nikamaliza.

Na sasa amepata nafasi Morogoro, kwenye chuo chenye kibali. Ng'ombe watatoka, tena kwa moyo mweupe.

Msalimie mkeo Joyness na rafiki yako Gharib. Mungu akulinde na akuongezee siku.

Ukimwandikia Nyamizi, usimtanie juu ya chuo kile. Alitaka kusoma tu.

Ni mimi mjomba wako nikupendaye daima,
Maganga