Nywele Zinaanguka, Maziwa Hayajaharibika

Jumapili, mwezi wa kumi. Kambi ya reli, Dodoma.

Upepo tangu alfajiri. Vumbi limeingia kwenye unga, kwenye maji, hata kwenye masikio ya mtoto. Leo hakuna kazi, lakini mgongo wangu haujui Jumapili; umeamka saa ile ile na maumivu yale yale. Sina huzuni. Nina hasira kidogo, na hasira ndiyo iliyonipa nguvu ya kushika kalamu, maana wiki nzima sikuligusa daftari hili.

Asubuhi nilipitisha vidole kichwani, vikatoka na nywele za kujaza kiganja.

Naandika wazi kwa sababu hapa hakuna anayesoma ila mimi. Nywele zangu zinaanguka. Masanja ana miezi minne na siku chache, na zilianza kuanguka wiki ile alipoanza kucheka kwa sauti. Kwanza nilizikuta kwenye mkeka, halafu kwenye nguo, halafu ndani ya uji. Nilizikusanya nikazifukia chini ya majivu, kwa kuwa kwetu Unyanyembe nywele za mzazi haziachwi mahali mtu akazichukua. Sikumwambia yeyote. Nilikaza kilemba mpaka kichwa kikauma, na kila jioni niliziosha kwa magadi, nikidhani ni uchafu wa vumbi hili jekundu. Kadiri nilivyosugua ndivyo zilivyozidi kutoka.

Nilikuwa mjinga. Lakini mtu akiogopa hufanya chochote kinachofanana na kazi.

Siri ilitoka Jumatano. Mimi na wanawake wengine tunachota maji kwenye visima vya mchangani na kuwapelekea wachimbaji wa tuta, kila mmoja na debe lake kichwani. Siku hiyo nilitua debe, nikavua ngata ya kutulizia debe, na kilemba kikatoka pamoja nayo. Kwenye ngata kulikuwa na shungi la nywele, na utosini pangu palibaki kipara kama sahani ndogo. Wenzangu wote waliona. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonitisha.

Jioni alikuja Mama Kalunde. Huyu ndiye mkubwa wetu wanawake wa kambi, anatoka kwetu, na ndiye aliyempokea Masanja siku nilipojifungua. Nampenda kama mama. Alinivua kilemba bila kuniomba, akatazama, akakirudisha.

"Mmebemenda mtoto," akasema.

Kwetu mume na mke hulala mbalimbali mpaka mtoto atembee. Wakivunja mwiko huo, maziwa ya mama huharibika, na mtoto hunyong'onyea mpaka akafa. Huko ndiko kubemenda. Mama Kalunde alisema nywele za mama zikianguka mtoto angali mchanga, maziwa yamekwisha kuchafuka. Dawa ni moja: kumwachisha ziwa mara moja, anywe uji. Akasema Jumatatu ataniletea shubiri anipake kwenye chuchu, mtoto auonje uchungu na aache mwenyewe.

Nilimwapia kwamba hatujavunja mwiko. Mume wangu, Maganga, analala kwenye banda la wachimbaji, upande wa pili wa tuta, tangu mtoto azaliwe.

"Kila mtu huapa, mwanangu," akasema. "Kichwa hakiapi."

Alhamisi Maganga mwenyewe alikuja. Alikuwa amekwisha kusikia, maana kambi hii haina ukuta wa kuzuia neno. Alisimama mlangoni na udongo wa kazi miguuni.

"Mimi sijavunja mwiko," akasema.

"Wala mimi."

Akakitazama kichwa changu, akamtazama mtoto, kisha akauliza polepole, "Basi nywele ndizo zilizovunja?"

Alikuwa anauliza kama kuna mwanamume mwingine. Hakulitaja neno hilo na mimi sikulitaja. Alikwenda zake bila kumbeba mwanawe.

Sasa niandike jambo ninaloliona aibu. Ijumaa niliogopa nikatii. Tangu asubuhi mpaka jua la utosi sikumnyonyesha Masanja. Nilimkorogea uji mwepesi wa uwele nikamlisha kwa kidole. Alimeza kidogo, akatapika, akalia mpaka sauti ikakauka. Matiti yangu yaligeuka mawe, maziwa yakalowanisha kaniki mbele ya msimamizi wa maji, na mimi nimebeba debe huku namsikia mtoto analia kivulini. Katika kambi hii tumezika watoto wawili tangu mvua ilipokatika, na wote wawili walikuwa wametolewa ziwani mapema na kunyweshwa maji haya ya visima. Niliwakumbuka wakati nimesimama pale.

Nilitua debe nikamnyonyesha. Msimamizi alipiga kelele. Nikamwacha apige.

Jana alikuja Mama Ndahani. Ni Mgogo wa upande wa Mkonze, analeta maziwa mgando kwenye vibuyu na sisi tunampa chumvi. Kiswahili chake ni cha kuokota, kama changu cha siku za kwanza kule shule ya misheni, lakini anachotaka kusema hukifikisha. Alisema "Mbukwa," salamu ya kwao, nikaitikia, akaona nimevimba macho. Nikamweleza yote. Nikavua kilemba.

Akacheka. Alicheka mpaka akaweka kibuyu chini.

"Hiki tu? Mimi nazaa saba. Saba zote, nywele inaanguka hivi. Mtoto anacheka, nywele inakwenda."

Nikamwambia watu wanasema nimeharibu maziwa.

"Maziwa mimi najua," akasema. "Tangu mtoto nakamua." Akamchukua Masanja, akambinya paja, akambinya shavu, akampiga matako kidogo, naye mtoto akamcheka. "Mama ya hii ina maziwa mbaya? Ndama ya maziwa mbaya mbavu inahesabika. Hii mbavu iko wapi?"

Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza. Je, ulipokuwa na mimba nywele zilianguka?

Nilifikiri. Hazikuanguka. Miezi ile zilijaa hata kitana cha mti kikavunjika jino, na mimi nilijisifu. Mama Ndahani akasema ndiyo hivyo. Nywele kila siku huanguka kidogo kwa kila mtu. Mwenye mimba mwili wake huzishika zisianguke, na akishazaa huziachia zote kwa wakati mmoja. Zinazoanguka sasa ni zile zilizokuwa zianguke zamani. Akainama akanionyesha kwenye paji lake, maana ana mtoto wa miezi minane: vinywele vifupi vimesimama mstari mzima, vinachoma kidole ukivigusa. Akasema mtoto akiota meno zinaanza kurudi, na akitembea kichwa kimejaa.

Halafu akanigombeza. Magadi ni ya kulainishia mboga, siyo ya kichwa. Kilemba cha kukaza hivi ni kamba ya mbuzi. Na ngata kukaa mahali pamoja kila siku inang'oa hata nywele ambazo hazikutaka kuondoka. Kipara changu cha utosini, akasema, mtoto hakukifanya. Debe ndilo lililokifanya.

Baada ya kuondoka nilikaa nikapima maneno yake. Shule nilikaa miaka miwili tu, lakini mwalimu alitufundisha kwamba jambo likisemwa litafutiwe ushahidi. Ushahidi wa Mama Kalunde ni kichwa changu. Ushahidi wa Mama Ndahani ni uzazi wake wa mara saba na paja la Masanja. Tena mimi najua kitu ambacho hao wote wawili hawawezi kukijua: mwiko haujavunjwa, si na Maganga, si na mtu mwingine. Kama kubemenda ndiko kunakoangusha nywele, zangu zisingeanguka.

Hapo hofu ilitoka.

Leo asubuhi nimefumua nywele zote. Nimeziosha kwa maji matupu, nimepaka mafuta ya nyonyo kwa vidole, taratibu, nikaziacha bila kusuka. Zimetoka nyingi. Nimezitazama zikitoka na moyo haukuruka. Nimenunua maziwa mgando zaidi kwa chumvi yangu, kwa sababu Mama Ndahani amesema mama anayenyonyesha na kubeba maji hali posho ya unga peke yake; ale mlenda, ale karanga, anywe maziwa. Karanga sijui nitazipata wapi. Nitatafuta.

Na kuanzia kesho sibebi debe kichwani. Nitabeba madebe mawili kwa mzega, mti wa kulaza begani, kama wanaume wauza maji wa pwani. Kwetu mwanamke habebi hivyo, na wenzangu watanicheka njia nzima. Wacheke. Utosi upumzike.

Nilikuwa bado na mafuta mikononi Mama Kalunde alipoingia. Hakungoja Jumatatu. Shubiri ilikuwa kwenye kifuu, imekwisha kutwangwa. Nyuma yake alikuja Maganga, akasimama nje kidogo, pale ambapo mtu anaweza kusema kwamba alikuwa anapita tu.

Nilipiga goti nikamwamkia. Kisha nikasema, "Mama, sitamwachisha."

"Wewe uliyezaa juzi unanifundisha mimi?"

"Sikufundishi, mama. Wewe ndiye uliyempokea. Mkono wako unajua alikuwa mzito kiasi gani."

Nikamfungua Masanja mgongoni nikamweka mikononi mwake. Kama angesema mtoto amepungua, ningekuwa na neno gani tena mbele ya mume wangu?

Alimpakata, akamwinua, akamshusha, akamwinua tena kama mtu anayepima mzigo kabla ya safari. Akamtazama ulimi, akambinya paja. Masanja akamshika kidole akakivuta kinywani, na kidole kile kilikuwa na shubiri. Akakunja uso wote, akalia, akanigeukia mimi.

Mama Kalunde alikipangusa kidole kwenye nguo yake.

"Mzito," akasema. "Mtoto mzito huyu."

"Ndiyo, mama."

"Mtoto aliyebemendwa hawi hivi." Hakulisema kwangu, alilisema kuelekea mlangoni kwa Maganga, kwa sauti, na hapo nilimpenda upya. Kisha akanigeukia na uso mkali. "Lakini nitakuja kumpakata kila Jumapili. Siku atakapopungua napaka, na wewe hutanijibu neno."

Nilikubali. Ni haki yake, na ni vizuri mtoto awe na macho mengine ya kumtazama. Alinipa kifuu nikamwage mwenyewe.

Maganga aliingia alipokwisha kwenda. Hajui kuomba radhi, hajawahi kujua. Alimchukua mwanawe akamfuta kwa mate shubiri iliyobaki kidevuni. Nikamwambia habari ya mzega, akauliza uwe wa urefu gani. Nikamwonyesha kwa mikono. Amekwenda kukata mti. Lile swali lake la Alhamisi bado liko ndani yangu kama mwiba, na sitasema kwamba limetoka. Nitamwambia siku moja. Leo nimechoka, na mti anaoukata naukubali kwa kiasi chake.

Sijui nitabaki na nywele ngapi ifikapo masika. Labda nitanyoa zote nianze upya, labda nitaziacha zifanye zitakavyo. Katika mstari wa paji nimepapasa na bado sijasikia hata kinywele kimoja kinachochoma. Nitapapasa tena wiki ijayo, na ijayo.

Ninaloliandika hapa kwa mkono wangu ni hili: Masanja ataacha ziwa siku atakayolisukuma mwenyewe.