Weupe wa Jicho la Kushoto

Jumanne, 4 Machi

Mwenye ukumbi wa maonyesho kapita. Kasimama mbele ya picha mbili zilizokwisha, mikono nyuma, kama mtu anayekagua chumba cha kupanga. Eti anapenda ubaridi wake. Ubaridi! Miraba myeupe, duara la njano, asubuhi tupu — baridi imetoka wapi? Nikamshauri abadilishe miwani. Mdogo wangu akanikanyaga mguu. Bwana anataka ya tatu ifanane na hizi, zikae ukuta mmoja. Gari linazifuata Jumatatu ya tarehe 17.

Mdogo wangu namwita Rula, maana mstari wake haupindi. Yeye hupima maumbo na kubandika utepe wa gundi kwenye kingo. Rangi ni zangu. Kwa hilo hatujawahi kugombana. Kwa mengine, kila siku.

Alhamisi, 6 Machi

Kesho nafanyiwa upasuaji, jicho la kulia. Mtoto wa jicho — umri, anasema daktari, kama ananipongeza. Naogopa. Rula anasema heri kuogopa kitandani kuliko kuporomoka ngazi mara nyingine.

Jumamosi, 8 Machi

Bandeji imetoka. Shuka ni nyeupe. Nyeupe kweli. Macho hayana pazia, wanasema. Ya kwangu yalikuwa nalo, tena la rangi ya chai. Nimemwambia Rula ana makunyanzi. Akasema hata mimi ninayo, alikuwa akinistahi tu.

Jumapili, 9 Machi

Nimeingia chumba cha kazi.

Miraba yangu si myeupe. Ni bluu, ya maji ya kisima kirefu. Nilidhani kuna mtu ameipaka upya. Nikafunika jicho jipya: asubuhi yangu ipo palepale. Nikafunika la zamani: baridi. Kulia, kushoto, kulia — nimepepesa kama mwendawazimu. Ni lile pazia. Kila nilipoona weupe umechakaa, nilitia bluu kidogo uchangamke. Kidogo, na kidogo tena.

Nikamuuliza Rula kama alikuwa anaona. Alikuwa anaona, muda wote. Alidhani ni kwa sababu ya shemeji yake. Tangu mume wangu azikwe, anasema, rangi zilikuwa zinapoa, na msiba wa mtu hausahihishwi.

Na mimi nilidhani nachora namna ninavyopona. Nimelia, kwa macho yote mawili.

Jumatano, 12 Machi

Nimepaka ya tatu kwa jicho jipya. Weupe wa haki. Rula kavuta utepe, kingo safi kama kawaida yake. Tukaiweka kando ya zile mbili — mtu kaja msibani na nguo ya harusi. Nikaifuta yote.

Rula anasema si nichanganye tu bluu, kwani ina siri gani? Nimejaribu. Nikijua ni bluu, mkono unaanza kuigiza huzuni. Inakuwa uongo. Zile mbili hazidanganyi, na linaloniuma ni kwamba ndizo nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora.

Katika macho yaliyozichora, limebaki la kushoto tu. Na la kushoto linafanyiwa Ijumaa.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi. Nimemwomba Rula apige simu hospitali, tuahirishe. Ng'o. Amechoka kunishika mkono barabarani, amesema, na anataka kuzeeka na dada anayeona magari. Begi langu liko mlangoni, kalifunga yeye.

Basi nimeziba jicho jipya kwa pamba na utepe wake mwenyewe, nikachanganya rangi. Kaingia na chai, kaniona. Nikangoja anigombeze. Kaweka kikombe chini, kachukua rula, kaanza kubandika kingo za mraba.

Nilipomaliza kupaka akauliza, polepole, ni rangi gani hiyo.

"Nyeupe," nikasema.

"Sawa, Dada."

Nimekaa pembeni naandika, jicho jipya bado limezibwa. Mraba uko pale, unang'aa, ni asubuhi kabisa. Yeye kautazama, kisha kajifuta uso na mkono wa blauzi. Utepe lazima uvutwe rangi ikiwa mbichi, la sivyo ukingo unachanika. Ananiita tuuvute wote wawili, yeye juu, mimi chini. Anasema kwanza nitoe pamba, nione ninachofanya.

Nimemwambia anisubiri kidogo.