Gari la Maret na Magunia Mawili ya Viazi

Shamba la Kuusiku,
Käina, Hiiumaa,
Estonia.
23 Machi 2003

Mpendwa dada Salme,

Pokea salamu kutoka nyumba uliyozaliwa. U hali gani? Kifua chako kinaendeleaje, na joto la huko Adelaide limepungua? Sisi huku tu wazima kwa kadiri ya umri wetu. Helju wangu analalamikia magoti lakini kanisani hakosi, na mimi nimepungukiwa na jino moja. Jino hilo nitalirudia, maana ndilo lililotutoa nyumbani siku ile.

Theluji bado imefika madirishani mwa zizi. Ng'ombe tumebaki naye mmoja tu, na maziwa yake tunamwachia jirani nusu.

Barua uliyomwandikia Maret imefika. Alinipa niisome mezani. Umemwambia kwamba ana miaka thelathini na minane na akili ya mtoto, kwamba ulimkanya asikimbize gari kwenye theluji, na kwamba hutaki kuisikia sauti yake mpaka awe tayari kurudi nyumbani. Aliikunja, akaiweka chini ya sahani, akaendelea kunywa supu yake. Mimi yangu ilinishinda.

Dada, Maret hakukimbiza gari. Amekudanganya, nami nimekaa kimya mwezi mzima nikiuacha uongo huo ufanye kazi yake. Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujachukua kalamu.

Mwezi wa Septemba uliniandikia kwamba unanikabidhi mwanao Maret, ambaye theluji ameiona kwenye picha tu. Nilijivuna sana. Nimeendesha gari kisiwani humu miaka arobaini, kwanza lori la maziwa, kisha Lada yangu, na mtaroni sijaingia hata mara moja. Nikajiona mwalimu aliyekuwa akisubiri mwanafunzi.

Lada yangu husukumwa na magurudumu ya nyuma, na kwenye theluji gari la namna hiyo ni jepesi kiunoni. Ndiyo maana kila Novemba sisi wa huku hutia magunia mawili ya viazi kwenye buti, nyuma ipate uzito na matairi yaume. Nyuma ikianza kuteleza, unatoa mguu kwenye mafuta, unageuza usukani kuelekea upande ule ule nyuma inakokwenda, na gari linatulia. Hiyo ndiyo elimu yangu yote. Ni elimu nzuri, kwa Lada.

Maret alinunua gari dogo la Kijapani, la mitumba, ambalo huvutwa na magurudumu ya mbele. Injini iko mbele, uzito uko mbele, na kazi yote inafanyika mbele. Mimi hilo nililijua kwa kusikia, lakini sikumuuliza mtu. Nilipeleka magunia yangu mawili, nikayapakia. Akatoka nje na kile kitabu cha gari mkononi.

"Mjomba, hapa wanasema nyuma kusizidishwe mzigo. Halafu likiteleza, mguu usiutoe ghafla, ukanyage mafuta kidogo kidogo, mbele ilivute gari linyooke."

"Nani kasema?"

"Kitabu."

"Kitabu kimeandikwa na Mjapani. Anaijua Hiiumaa huyo? Viazi hivi vimeniendesha tangu mama yako ana nywele nyeusi."

Alicheka akafunga buti. Helju alikuwa mlangoni, akasema, "Mwache mtoto asome, Heldur, wewe cheti chenyewe cha udereva ulipewa na mjomba wako." Nikamwambia arudi kwenye sufuria zake. Nayaandika haya ili ujue kwamba nilionywa, tena mara mbili, tena kwa upole.

Mwaka huu bahari iliganda vizuri, wakafungua barabara ya barafu. Tarehe ishirini Februari jino lilinizidi nguvu, na Maret akajitolea kunipeleka ng'ambo kwa daktari. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuendesha juu ya bahari, na kwa kweli, dada, ungemwonea fahari. Mlinzi wa barafu alituhesabu, akatukumbusha kufungua mikanda, maana barafu ikipasuka unatakiwa uruke nje mara moja na mkanda utakuzamisha pamoja na gari. Mwendo aliushika kama alivyoambiwa, wa kasi, usio wa kobe wala wa kati, kwa sababu mwendo wa kati huamsha wimbi chini ya barafu na kuivunja. Hakusimama, hakulikaribia gari la mbele. Kwenda na kurudi, mikono yake ilitulia kwenye usukani.

Tukirudi, tulipanda nchi kavu Heltermaa, upande wetu wa kisiwa, saa nane mchana, jua likiwaka juu ya theluji. Unajua utaratibu wetu. Ukiingia baharini unafungua mkanda, ukitoka unafunga. Maret alipunguza mwendo, akaukamata mkanda wake.

Nilikuwa na shavu lililokufa ganzi, nina njaa, na nilikuwa nawaza kitanda changu. Nikamwambia, "Achana nao, tumeshafika. Baharini hatukufa, tutafia kwetu?"

Akauachia. Ameniheshimu, dada. Hilo tu ndilo kosa lake katika mambo yote haya.

Baada ya kanisa la Pühalepa barabara inakata kona chini ya miti, mahali jua halifiki. Theluji ilikuwa imeyeyuka juani ikatiririka hapo na kuganda upya. Alikuwa anakwenda polepole, nakuapia, nilikuwa naangalia mshale wa mwendo kwa jicho la mwalimu. Nyuma ikaanza kwenda kulia. Viazi vile vikaisukuma, maana kitu kizito kikishaanza kuyumba huko nyuma hakirudi kwa urahisi. Maret hakushtuka. Aligeuza usukani inavyotakiwa, na mguu wake niliuona umebaki kwenye mafuta, kidogo, kama kitabu kilivyosema. Gari lilikuwa linaanza kumtii.

Mimi nikapaza sauti, "Toa mguu! Toa!"

Akatoa. Mbele ikakosa nguvu ya kuvuta, nyuma ikazunguka mzima mzima, tukaupiga ukuta wa mawe kwa upande wa dereva. Mimi nilikuwa nimeshika mpini wa mlango, nikapata alama ya bluu begani. Yeye hakuwa na cha kumshika. Goti lake lilipasukia chini ya usukani na paji la uso likagonga kioo. Viazi vilitoka kwenye buti, vikatapakaa barabarani.

Arvo, yule mtoto wa Endel muuza mbao, alikuja kulivuta gari kwa trekta baada ya Maret kuchukuliwa na gari la wagonjwa. Alivitazama viazi, akanitazama mimi.

"Mzee, hivi vilikuwa vya kupika au vya kuendeshea?"

"Vya kuendeshea."

Hakucheka, ingawa Arvo hucheka hata mazikoni. Aliokota kiazi kimoja akakifuta kwenye suruali. "Mzee wangu, wewe ulimfundisha kuendesha gari lako. Yeye alikuwa kwenye lake."

Maneno hayo nimeyalalia na kuyaamkia mwezi mzima. Wamempasua goti mara mbili. Atatembea, daktari amesema, lakini halitakunjika kama zamani, na paji la uso lina kovu ambalo analifunika kwa nywele akidhani hatulioni.

Siku ulipopiga simu hospitalini nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda chake. Nilimsikia akikwambia alikuwa anakimbia ili awahi chakula, na kwamba mkanda aliusahau. Nilinyoosha mkono niichukue ile simu. Akatikisa kichwa, nami nikaurudisha. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kweli nimeuona wake ukiwa mwepesi kwangu, nikimletea chai na magazeti huku akiwa anatukanwa kwa ajili yangu. Naona aibu, Salme. Sina neno lingine.

Nikuambie pia kwa nini niliogopa. Uliondoka na shangazi kwa mashua mwaka wa arobaini na nne, mkikimbia vita, una miaka kumi na minne, nami kumi na mmoja, na tulipoonana tena wote tulikuwa na mvi. Nikajiambia, sasa nimempata dada, nikimwambia nimemvunja mwanawe atanifungia mlango, na muda wa kuungoja ufunguliwe sina tena.

Viazi nimevitoa, na mwalimu nimeacha kuwa. Arvo atamfundisha upya goti likiruhusu, kwenye gari la kuvutwa na mbele, na mimi nitakaa nyumbani. Usimwite arudi kwa sababu hii. Anaipenda nchi hii na anasema kila siku anagundua neno ulilokuwa ukilitumia jikoni. Jumapili, saa ile uliyokuwa ukimpigia, hukaa karibu na simu akijifanya anafuma soksi. Ile soksi haijaongezeka hata mshono. Mpigie.

Nisalimie shemeji Olev, umwambie mbegu zake za nyanya Helju amezipanda ndani ya nyumba na zimeota. Nisalimie Peeter na watoto wake. Helju anakubusu. Mungu akulinde wewe na kifua chako, na akupe moyo mpana kuliko ninaostahili.

Jana nilimwambia Maret kwamba nakuandikia ukweli. Alikasirika, mara ya kwanza tangu afike hapa. Akasema, "Usimwandikie, mjomba. Mimi mama atanikasirikia mwaka mmoja, halafu atasahau, mimi ni mwanawe. Wewe akikukasirikia, huku kwao atabakiwa na nani?"

Ndiyo sababu alikudanganya, dada. Hakuwa anamficha mjomba wake. Alikuwa anakutunzia ndugu yako.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye hata ukichagua kutonijibu,

Heldur