Wajina Watatu wa Mume Wangu

Shangazi mshauri, nisome mpaka mwisho. Mume wangu ni kinyozi, na kwa bahati yake, au balaa letu, ana jina moja na wakubwa watatu: daktari bingwa wa moyo, kocha wa timu ya taifa na mwimbaji ambaye hata watoto wanamjua, basi picha zao kazibandika juu ya kioo cha saluni, yake katikati, timu ikishinda anapokea pongezi, ikifungwa anafunga duka kwa aibu, na mwimbaji alipoachana na mkewe mume wangu aliniomba radhi, mimi, sijui kwa lipi. Nilikuwa nacheka, hata mashoga zangu wakiniita mke wa daktari. Sasa baba yangu mzazi anaumwa moyo, hawezi kupanda ngazi, analala ameketi, tukampeleka zahanati wakampa rufaa aende hospitali kuu haraka, mume wangu akasimama sebuleni mbele ya kaka zangu akasema, "Mzee apange foleni na mimi nipo? Daktari bingwa ni wajina wangu, nitaongea naye, atamwona yeye mwenyewe!" Baba akafurahi mpaka akalia, kaka zangu wakamwita shemeji wa dhahabu, rufaa ikawekwa chini ya televisheni. Tangu hapo kila siku ni "wajina yuko safarini". Shangazi, hajawahi kumwona hata kwa mbali! Nikisema, mume wangu ataumbuka ukweni. Nikinyamaza, baba anazidi kuvimba miguu. Nifanyeje?

Mke wa Wajina

Mke wa Wajina, pole kwa ugonjwa wa mzee. Pole yenyewe imeishia hapo, sasa nikuseme.

Baba anavimba miguu, wewe unapima aibu ya kinyozi? Aibu ya ukweni haijaua mtu, moyo unaua. Mumeo si mtu mbaya, ila mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wasifiaji ndio nyinyi. Usijifanye malaika. Ulipokuwa unacheka, hukufurahi hata kidogo mashoga walipokuita mke wa daktari? Haya.

Leo hii, si kesho, chukua hiyo rufaa, mshike baba mkono, nendeni hospitali kuu mkapange foleni kama wenzenu. Mumeo aende pia, tena yeye ndiye abebe mto na chupa ya chai. Mzee akiuliza wajina yuko wapi, usimsemee mumeo hata neno. Ajibu mwenyewe: "Baba, simjui." Maneno mawili hayavunji meno. Kaka zako watamcheka, na wamcheke, kwani nao walikaa sebuleni wakipiga makofi huku mgonjwa hapati dawa.

Akikataa kwenda, mwache na picha zake, wewe tangulia na mzee. Pale dirishani wataita jina la baba yako. La mumeo hakuna atakayeliuliza.